Kabla ya Kumfungua Mbwa Kamba

Katika baadhi ya miji mikubwa kuna viwanja vyenye ua ambamo mbwa huachiliwa wakimbie na kucheza bila kamba. Jijini New York, Marekani, uwanja wa aina hiyo ulifunguliwa mwaka wa 1990 katika bustani ya Tompkins Square. Kanuni zinazofuatwa huko zinamfaa kila mkaazi anayefuga mbwa mjini, ambako uwanja mmoja hutumiwa na watoto, wapita njia na mifugo.

1. Chanjo kwanza
Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Mbwa apewe chanjo anapofikisha umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Asiye na chanjo asichanganywe na wengine. Kenya imelenga kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030, na hilo linahitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa.

2. Langoni
Viwanja hivyo huwa na malango mawili. Mwenye mbwa huingia la kwanza, hulifunga, humfungua mbwa kamba, ndipo hufungua la pili. Mbwa aliyefungwa akizungukwa na walio huru huingiwa na hofu, na mbwa mwenye hofu huuma upesi.

3. Ndani ya uwanja
Mbwa awe amefunzwa kurudi akiitwa. Jike aliye kwenye joto aachwe nyumbani. Kinyesi kiokotwe, kwa kuwa hueneza minyoo inayowadhuru watoto. Mtoto asimkimbie mbwa wala kumpigia kelele. Asimame wima, mikono ikiwa chini, bila kumkazia macho.

4. Mtu akiumwa
Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, hata likiwa dogo. Kisha mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo ili apewe chanjo. Asingojee dalili, kwa maana zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Afisa wa mifugo wa wadi naye aarifiwe.

Uwanja usio na ua haulindi mbwa wala watu. Mahali kama hapo, kamba isifunguliwe.