SOMO KWA MAKATIBU WA VYAMA: KUREKEBISHA BARUA PEPE ILIYOPOKELEWA

Barua ni kumbukumbu ya chama. Ile ifikayo kwa posta hugongwa muhuri wa tarehe, huandikiwa namba ya jalada na kupelekwa kwa Mwenyekiti. Siku hizi barua nyingi hufika kwa kompyuta, na baadhi ya programu humruhusu mpokeaji kubadili maneno yaliyomo bila kuacha alama yoyote ya kalamu. Uwezo huo una manufaa, tena una hatari.

1. Sababu za kurekebisha

Mnunuzi wa kahawa aweza kuleta bei yake katika barua yenye kichwa kisemacho “Habari” tu. Baada ya miezi sita, kuipata miongoni mwa barua mia ni kazi ngumu. Nyingine hufika zikiwa na herufi ndogo mno, mistari iliyokatika, au mkururo wa majibu ya zamani. Katibu atakaye kuichapa barua ya namna hiyo kwa ajili ya mkutano wa Bodi hana budi kuipanga kwanza.

2. Namna ya kufanya

Katika Outlook ya kawaida iliyowekwa ndani ya kompyuta, barua hufunguliwa kwa kubofya mara mbili ili ipate dirisha lake. Katika ukanda wa juu huchaguliwa “Actions”, kisha “Edit Message”. Hapo maneno hukubali kubadilishwa. Ukubwa wa herufi, wino mzito na rangi hupatikana chini ya “Format Text”. Barua iliyokuja kwa maandishi matupu haikubali rangi wala wino mzito mpaka igeuzwe kuwa ya HTML mahali hapo hapo. Mwisho huhifadhiwa kwa kubonyeza Ctrl na S pamoja.

Thunderbird hufuata njia nyingine. Amri yake ya “Edit As New Message” hutoa rasimu mpya yenye maneno yale yale, na barua ya asili hubaki kama ilivyofika. Njia hii ni salama zaidi.

3. Hatari iliyopo

Outlook huandika badiliko juu ya barua yenyewe. Ikiwa sanduku la barua limeunganishwa na seva, badiliko laweza kufika huko pia. Lakini nakala ya mpelekaji haiguswi. Tuseme mnunuzi aliandika shilingi 7,500 kwa kilo, na katibu, katika kupanga mistari, akaacha 7,050. Siku ya malipo wanachama watasomewa bei isiyo ya kweli. Na shauri likizuka, karatasi mbili zitapingana, na chama ndicho kitakachoonekana kimeghushi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yakubali kumbukumbu za kompyuta kuwa ushahidi, ila uzito wake hupimwa kwa jinsi zilivyotunzwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo yamhesabia kosa abadiliye taarifa kwa nia ya kuzifanya zichukuliwe kuwa halisi.

4. Kanuni za kushika

(a) Kabla ya kugusa neno lolote, barua ya asili ihifadhiwe mahali pengine kwa amri ya “Save As”, na nakala yake iliyochapwa iwekwe jaladani.

(b) Kichwa chaweza kubadilishwa ili kisaidie utafutaji, mathalani: “Bei ya kahawa, msimu wa 2024/25”. Kichwa cha asili kiandikwe katika daftari la barua.

(c) Tarakimu, tarehe, majina na ahadi visiguswe kamwe. Mpelekaji akikosea, aandikiwe, naye asahihishe mwenyewe kwa barua mpya.

(d) Maelezo ya katibu yaandikwe juu ya barua, kwa rangi ya peke yake, pamoja na jina lake na tarehe.

(e) Karatasi ya mkutano iandikwe “NAKALA ILIYOPANGWA”, na ile ya asili iwe tayari kwa mjumbe au mkaguzi atakayeidai.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika chama chenu, ni nani mwenye neno la siri la sanduku la barua?
2. Bei ya msimu uliopita ikibishaniwa leo, chama kitaonyesha barua gani?
3. Je, barua hiyo ingali kama ilivyofika?