Daktari Mwema Huanza kwa Kuuliza

Zamani mwanafunzi wa udaktari alisikiliza mihadhara kwa miaka kabla ya kumkaribia mgonjwa. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, kilianza njia nyingine: kujifunza kwa kutatua tatizo. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliianza mwaka 1990.

Wanafunzi wachache huketi na mwalimu na kupewa habari za mgonjwa. Kwa mfano, mtoto wa miaka miwili ana homa na amepata degedege. Mwalimu hawapi jibu. Wao hujiuliza: Je, ni malaria? Je, ni homa ya uti wa mgongo? Shingo imekakamaa? Wasiyoyajua huyaandika, hugawana ya kusoma, kisha hukutana tena kufundishana.

Njia hii hudai walimu wengi, lakini humzoeza daktari kutoridhika na jibu la kwanza. Hata vijidudu vya malaria vikionekana katika damu, mtoto huyo aweza kuwa na homa ya uti wa mgongo pia. Asipochunguzwa zaidi, aweza kufa.

Basi mzazi, ukiulizwa maswali mengi hospitalini, usiudhike. Sema homa ilianza lini, na mtoto alipewa dawa gani nyumbani. Majibu yako ni sehemu ya matibabu.