Panga Likikata: Ngozi Inavyojifunga

Msimu wa kupogoa kahawa Mathira na Tetu, au asubuhi yoyote ya kukata nepia ya ng'ombe, kidole hukatika kwa urahisi. Wengi hukimbilia mafuta ya taa, majivu au udongo mkavu. Damu yaweza kukoma kweli, lakini kidonda kimeongezewa madhara.

Ngozi ina matabaka. La juu halina mishipa ya damu. Huzaa seli mpya chini, nazo husukuma zilizokufa hadi zikapukutika, kazi inayochukua takriban wiki 4. Ndiyo maana mkwaruzo mwepesi hauachi alama. Chini yake kuna tabaka nene lenye mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na nyuzi imara ziitwazo kolajeni. Panga likifika huko, kovu hubaki.

Dakika za kwanza mishipa hujibana na damu huganda ili kuziba tundu. Bana kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo. Wanaofunua kila mara kuchungulia (nao ni wengi) hung'oa donge na damu huanza upya. Ikishakoma, osha kidonda kwa maji safi mengi yanayotiririka.

Siku chache zinazofuata kidonda huwa chekundu, chenye joto na uvimbe kidogo. Hizo ni seli nyeupe za damu zikipambana na vijidudu. Cha kuogopesha ni wekundu unaozidi kuenea, usaha, homa, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua.

Kisha seli mpya hutambaa kutoka kingoni, zikipita juu ya nyama laini nyekundu inayojaza shimo. Hutambaa vizuri penye unyevunyevu. Kwa hiyo ile desturi ya kuacha kidonda wazi "kipate hewa" huchelewesha kupona. Heri kufunika kwa bandeji safi na kuibadilisha ikilowa au ikichafuka. Mafuta ya taa na spiriti huunguza seli hizohizo changa.

Udongo una hatari kubwa zaidi. Viini vya pepopunda huishi miaka mingi ardhini na kwenye samadi, vitu visivyokosekana katika boma la mfugaji. Tundu dogo la msumari latosha. Dalili, kama taya kukaza, mara nyingi hutokea kati ya siku ya 3 na ya 21, wakati kidonda huenda kimeshasahaulika. Sindano ya kinga hutolewa baada ya jeraha chafu kwa asiyekamilisha chanjo au aliyechanjwa zamani.

Kidonda kikifunga, kazi bado inaendelea ndani kwa miezi, hata mwaka. Kovu likikomaa hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya awali, na wiki za mwanzo huwa dhaifu mno. Anayerudi kubeba magunia mapema aweza kulipasua.

Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, kwa kuwa neva zilizokufa ganzi hazimwambii kwamba ameumia.

Jeraha lililoachama, lililochafuka sana, lisiloacha kuvuja damu, au lililofanya kidole kisikunjike au kife ganzi, lipelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali za Karatina, Othaya, Mukurwe-ini, au ile ya rufaa mjini Nyeri. Mgonjwa abebe kadi ya chanjo ikiwa anayo.