Unalipa, na Kazi Unafanya: Kabla ya Kujiunga na Msafara wa Utafiti wa Wanyamapori

Wapo wanaoshangaa wakisikia mtu amelipa ili akahesabu kinyesi cha tembo. Lakini ndivyo ilivyo, na mpango huo haukuanza jana. Shirika la Earthwatch lilianzishwa Boston, Marekani, mwaka 1971 kwa hesabu hiyohiyo: mtafiti ana swali ila hana fedha wala mikono ya kutosha, na mtu wa kawaida ana likizo na akiba kidogo. Basi huyu wa pili analipa, anafundishwa kazi kwa siku moja mbili, halafu anaingia porini au baharini kama msaidizi. Ada yake husaidia kununua mafuta ya gari, chakula cha kambi na kulipa wasaidizi wenyeji.

Ada yenyewe si ndogo. Misafara mingi ya kimataifa hutoza dola 2,000 hadi 4,000 kwa wiki moja au mbili, na tiketi ya ndege mara nyingi haimo. Kwa hiyo kabla hujauza ng'ombe, jua unanunua nini.

Chukua papa potwe wa kisiwa cha Mafia, Tanzania. Kuanzia Oktoba hivi hadi Machi, samaki hawa, ambao ni wakubwa kuliko samaki wengine wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni wakifuata uduvi. Watafiti hutoka na boti kuwatafuta. Msaidizi anavaa miwani na mrija, anaingia majini, anaogelea sambamba na samaki huyo bila kumgusa, na anapiga picha sehemu moja tu: ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani. Madoa ya hapo hayafanani kwa papa wawili. Kompyuta huyalinganisha kwa kanuni iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya wanaastronomia, ya kutambua mpangilio wa nyota. Ukirudi na picha safi ya mkia, utawaonyesha nyumbani, mtafiti haitamfaa. Mwenzako mwingine anachungulia chini ya tumbo kujua kama ni dume au jike, na aliyebaki botini anaandika saa na mahali. Jioni, wakati watalii wa hoteli ya jirani wanakula pweza, ninyi mnaingiza takwimu kwenye kompyuta.

Kazi hiyo ya kuchosha ina faida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulitumia vifaa vya sauti vilivyofungwa kwenye papa wa Mafia, ukaonyesha kuwa msimu ukiisha wengi hawaondoki kabisa. Husogea mbali zaidi na ufuko na kwenda chini zaidi, macho ya mtu yasikofika.

Linalowashinda wengi ni sifuri. Unaamka alfajiri, unazunguka nusu siku, huoni kitu, na fomu inakutaka uandike kwamba hukuona kitu. Sifuri hiyo ina uzito uleule wa papa watano, kwa sababu bila kujua ni saa ngapi mlitafuta mkakosa, idadi ya mlioona haina maana. Mtu asiyeweza kuvumilia siku ya namna hiyo afadhali alipie safari ya kitalii, hakuna aibu.

Sasa maswali ya kuuliza kabla ya kutuma hata shilingi. Mtafiti mkuu ni nani, na amechapisha nini kutokana na safari zilizopita? Kibali cha utafiti kipo? Nchini Tanzania hutolewa na COSTECH, na TAWIRI ndiyo yenye dhamana ya utafiti wa wanyamapori. Kenya utasikia NACOSTI na taasisi ya WRTI iliyopo Naivasha. Mwandaaji wa kweli hatakasirika ukimwomba namba ya kibali. Uliza pia ni sehemu gani ya ada inafika kwenye mradi, na ukiahirisha unarudishiwa kiasi gani. Ujibiwe kwa maandishi.

Ukiona tangazo linalokuahidi kumnyonyesha mtoto wa simba kwa chupa, kimbia. Afrika Kusini wageni wengi wamelipia kazi hiyo wakiamini wanaokoa simba, kumbe baadhi ya mashamba hayo yalikuwa yakiwakuza kwa ajili ya kuwindwa ndani ya uzio. Filamu ya Blood Lions ya mwaka 2015 ililianika jambo hilo. Watafiti wa wanyama wa porini hukaa nao mbali kadiri wanavyoweza.

Mgeni anayekuja kujitolea Tanzania ajue kuwa viza ya utalii haimruhusu kufanya hivyo. Wanaojitolea wamewekwa kwenye kibali cha ukaazi cha daraja C. Mwandaaji akikushauri useme uwanja wa ndege kwamba umekuja kutembea tu, tafuta mwingine.

Kuhusu mwili: dawa za kinga ya malaria, na bima inayolipia ndege ya wagonjwa, kwa maana bima nyingi za kawaida huishia mlangoni mwa hospitali. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani kama unakwenda kwenye mbung'o. Rangi hizo huwavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyohivyo.

Na kama dola hizo huna? Mashirika kadhaa hutenga nafasi bila ada kwa wenyeji wa nchi wanakofanyia kazi, ila hawazipigii tarumbeta, andika uulize. Kaskazini mwa Kenya kuna Great Grevy's Rally, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Januari 2016, ambapo raia, askari wa wanyamapori na wanasayansi walizunguka siku mbili wakipiga picha pundamilia wa Grevy. Huko ubavu unaotakiwa ni wa kulia, kwa kuwa michirizi ya upande mmoja hailingani na ya upande wa pili. Makadirio yalikuwa takriban pundamilia 2,350, na hesabu ya 2018 ikatoa 2,812 kwa Kenya. Tena kila Januari Nature Kenya na Makumbusho ya Taifa huhesabu ndege wa maji kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kwa msaada wa watu wanaojitolea. Asiyejua ndege hupewa kalamu na daftari, akae karibu na anayewajua, aandike anachotajiwa.