KUKATA NA KUUNGA: SOMO LA KWANZA LA KUHARIRI VIDEO

Utangulizi

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha nilipata kukaa nyuma ya Darasa la Tatu, nikimtazama mwanachuo mmoja akifundisha somo la kuota kwa mbegu. Alikuwa amerekodi kwa simu maharage aliyoyapanda nyumbani, akaziunga picha zake katika kompyuta, kisha akawaonyesha watoto video ya dakika moja. Mbegu ilivimba, ikapasuka, ikatoa mzizi, na mche ukainuka. Watoto walipiga makofi. Kisha kila mmoja akapewa kopo lenye udongo na mbegu mbili, akapanda.

Kengele ililia, lakini watoto hawakuondoka. Walisimama wakiyakodolea macho makopo yao. Hatimaye mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona yangu haioti?" Kesho yake asubuhi tulikuta makopo mawili yamefukuliwa.

Mwanachuo yule hakutamka neno lolote la uongo. Mkasi wake ndio uliosema visivyo. Alizikata siku nane zikawa dakika moja, wala hakumwambia mtoto kwamba zimekatwa. Kwa sababu hiyo, makala haya yana shabaha mbili: kumfundisha mwalimu mwanafunzi stadi za mwanzo za kuhariri video, na kumkumbusha wajibu unaofuatana na stadi hizo.

Maana ya kuhariri

Kuhariri video ni kuchagua vipande vya picha na sauti, kuviondolea yasiyohitajika, na kuvipanga kwa utaratibu unaoleta maana. Kazi hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mhariri wa filamu alishika ukanda wenye picha 24 kwa kila sekunde, akaukata kwa mkono na kuunga ncha zake kwa gundi. Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha mashine ya kurekodi picha za televisheni kwenye utepe wa sumaku. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kompyuta nazo zikaanza kufanya kazi ya mkasi.

Tofauti iliyopo ni moja, na yafaa ieleweke barabara. Mkasi uliukata ukanda wenyewe. Programu ya kompyuta haikati kitu. Huandika maagizo tu: onyesha faili hili kuanzia sekunde ya 4 hadi ya 9, kisha lile kuanzia mwanzo. Video uliyorekodi hubaki nzima mahali ilipo. Kwa hiyo anayeanza asiogope kukata, kwani kosa husahihishika. Lakini ukilihamisha au kulifuta faili la asili, maagizo yako hayatakuwa na kitu cha kuonyesha.

Maandalizi

Kama vile mwalimu haingii darasani bila andalio la somo, asifungue programu bila mpango. Chukua karatasi, uigawe safu tatu: kinachoonekana, kinachosemwa, na muda wake kwa sekunde. Kwa somo letu la maharage, kila siku itapewa sekunde 15. Siku nane zitatoa sekunde 120, yaani dakika mbili. Mpango huo ukikosekana, utakuta una saa nzima ya picha usizojua pa kuziweka.

Wakati wa kurekodi, ilaze simu kwa ubavu ili picha ienee katika skrini. Iegemeze juu ya kitu kisichotikisika, na uiweke mahali pale pale kila siku. Mwanga utoke nyuma yako au kando, usitoke nyuma ya kopo.

Kwa kompyuta, waweza kutumia Shotcut, OpenShot au Kdenlive. Programu hizi hutolewa bure, na zikishawekwa katika kompyuta hazihitaji intaneti ili kufanya kazi. Mifano ya hapa inatokana na Shotcut, lakini aliyeielewa moja hatapotea katika nyingine.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza: Kukusanya. Tengeneza folda moja na uipe jina la somo. Nakili humo picha zote, sauti zote na faili la kazi yako. Yape mafaili majina yanayoeleweka: siku-1, siku-2, na kuendelea. Usiyahamishe tena mpaka kazi iishe.

Hatua ya pili: Kupanga. Fungua programu. Sehemu ya chini ya skrini ina mstari wa wakati, ambao husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama tusomavyo kitabu. Vuta vipande kwa kipanya, uviweke katika mstari huo kwa kufuata mpango wako. Usikate chochote kwanza. Bonyeza kitufe kirefu cha nafasi, utazame vyote hadi mwisho.

Hatua ya tatu: Kukata. Sogeza kishale cha wakati hadi mahali pa kukata, kisha bonyeza herufi S. Kipande kitakuwa viwili. Chagua kisichotakiwa, kisha bonyeza X. Kitaondoka, na vinavyofuata vitasogea kuziba pengo. Ukibonyeza Z, kipande kitaondoka lakini pengo litabaki. Anayeanza huchanganya herufi hizi mbili, kisha akashangaa kuona giza katikati ya video yake. Ukikosea, bonyeza Ctrl pamoja na Z, na kosa litafutika.

Hatua ya nne: Sauti. Kelele za kuku na pikipiki zilizoingia katika picha hazimfundishi mtoto. Punguza sauti hiyo, urekodi maelezo yako katika chumba kilichotulia, na uyaweke katika njia ya pili, chini ya picha. Sema polepole. Nyamaza pale ambapo picha yajieleza yenyewe.

Hatua ya tano: Maandishi. Andika maneno machache kwa herufi kubwa. Yaache kwenye skrini kwa muda unaotosha mtoto anayesoma taratibu kuyasoma mara mbili.

Hatua ya sita: Kuhifadhi na kutoa. Hapa pana mambo mawili yasiyofanana. Kuhifadhi, kwa Ctrl pamoja na S, hutunza maagizo yako tu. Kutoa ni kuiamuru programu iunde video mpya iliyo kamili, ambayo kwa kawaida huwa faili la MP4. Wanachuo wengi hupeleka shuleni faili la maagizo, nalo halifunguki kwa kuwa picha zimebaki chuoni. Peleka MP4.

Ukubwa wa faili hukadiriwa kwa hesabu ndogo. Ukichagua kiwango cha megabiti 2 kwa sekunde, video ya sekunde 120 itakuwa na megabiti 240. Baiti moja ni biti 8, basi gawanya kwa 8: utapata takriban megabaiti 30, ukiacha sauti ambayo huongeza kidogo tu.

Mkasi na ukweli

Yote yaliyotangulia ni kazi ya mkono, na siku mbili zatosha kuyajua. Lililo zito ni hili lifuatalo.

Huko Urusi, baada ya mapinduzi ya 1917, mwongozaji Lev Kuleshov alifanya jaribio linalosimuliwa hadi leo katika vyuo vya filamu. Uso ule ule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine uliungwa na picha tofauti, miongoni mwake sahani ya supu na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa mahali pamoja na huzuni mahali pengine, ingawa uso haukubadilika. Funzo lake ni kwamba maana huzaliwa pale vipande viwili vinapokutana. Mtazamaji huviunga akilini mwake bila kuombwa.

Mtu mzima aliyezoea televisheni anajua kwamba picha ikififia na nyingine kutokea, muda umepita. Mtoto wa miaka minane hajafundishwa lugha hiyo. Aonapo mbegu ikifuatwa na mche, huamini kuwa mche umetoka sasa hivi. Kwa hiyo kila unapokata muda, mwambie. Andika "Siku ya 1", "Siku ya 2", hadi ya mwisho. Usiruke siku ambazo hakuna kilichoonekana. Onyesha udongo mtupu wa siku ya pili na ya tatu, kwa maana kungoja ni sehemu ya somo.

Yuko pia mwalimu anayeficha mbegu zilizokataa kuota. Nilipozitazama picha zote za mwanachuo wetu, nilikuta mbegu mbili kati ya kumi zilioza, naye alikuwa amezikata. Mtoto ambaye mbegu yake haitaota atadhani ni yeye peke yake aliyeshindwa. Ziache, kisha uliza darasa: kwa nini hizi hazikuota? Swali hilo lina thamani kuliko picha kumi za miche mizuri.

Kabla ya kuondoa kipande chochote, basi, jiulize maswali matatu. Je, mtoto akitazama bila kipande hiki ataamini jambo lisilo kweli? Je, naondoa kosa la kurekodi, au ninaficha jambo la somo? Je, mtoto anayeonekana hapa, na wazazi wake, wangeridhia aonekane hivi? Palipo na mtoto anayechekwa kwa kukosea jibu, hapo kata bila kusita.

Hitimisho

Mwanachuo yule aliirudia video yake. Safari hii ilikuwa ya dakika mbili, yenye siku zote nane na mbegu zake mbili zilizooza. Watoto walipanda upya, wakachora ubaoni mistari minane, na kila asubuhi wakafuta mmoja. Hakuna kopo lililofukuliwa.

Mazoezi

1. Rekodi maji yakichemka katika sufuria tangu yakiwa baridi. Yahariri yawe video ya sekunde 60, kwa namna ambayo mtoto atajua muda halisi uliopita.
2. Video ya dakika 3 imetolewa kwa kiwango cha megabiti 4 kwa sekunde. Kadiria ukubwa wake kwa megabaiti.
3. Unga vipande vitatu kwa utaratibu mmoja, kisha ubadili utaratibu huo. Waonyeshe wenzako wawili, kila mmoja video yake, na uandike maana aliyoipata kila mmoja.
4. Eleza tofauti kati ya kuhifadhi kazi na kutoa video, kama ambavyo ungemweleza mwalimu mwenzako ambaye hajawahi kutumia kompyuta.