Lipi Litangulie? Somo la Kupanga Kazi ya Programu

Wengi wenu mwajua kwamba chama chetu cha kompyuta kilitengeneza programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba. Wachache mwajua kwamba mara ya kwanza tulishindwa. Naandika makala haya ili watakaotufuata wasirudie kosa letu.

Tulikuwa wavulana sita wenye kompyuta tatu, saa mbili kila Jumamosi, na muhula mmoja tu. Kila mmoja alitaja alilolitaka: picha ya kila msomaji, hesabu ya faini, kutafuta kitabu kwa jina la mtungaji, rangi za shule, na mengineyo. Tulipata mambo 18, na yote tuliyaita ya lazima. Kisha kila mtu akachukua lile alilolipenda. Mimi nilitumia majuma manne kupamba ukurasa wa kwanza kwa nembo ya shule.

Muhula ulipokwisha, Sista anayetunza maktaba alituuliza swali moja: "Wanangu, vile vitabu vinne vya Fizikia vinavyotakiwa na watahiniwa, nani anavyo?" Nembo yangu iling'aa, lakini programu haikuweza kumjibu. Viwili vilionekana baada ya mtihani, katika masanduku ya watoto wa madarasa ya chini. Mshika mawili moja humponyoka. Sisi tulishika 18.

Wakati wa likizo nilisoma jinsi mafundi wanavyopanga kazi hii. Mwezi wa Februari mwaka 2001 watengenezaji wa programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tangazo fupi la njia iitwayo Ajaili, maana yake wepesi. Shauri lao ni kwamba tusingoje kumaliza yote ndipo tuonyeshe kazi. Afadhali kumpa mtumiaji kitu kidogo kinachofanya kazi kila baada ya majuma machache, kumsikiliza, kisha kurekebisha.

Ziko programu za kusimamia kazi ya namna hii. Jira ilitolewa mwaka 2002 na kampuni ya Atlassian ya Australia. Trello ilitokea mwaka 2011. Na Microsoft wanayo Azure Boards. Katika zote utaona ubao wenye safu, na kadi zinazohama kutoka safu ya kazi zinazongoja, kwenda ya zinazofanywa, hata ya zilizokwisha. Lakini ubao hauchagui. Ukitia kadi 18 bila kuzipanga, utapata fujo iliyoandikwa vizuri. Basi zifuatazo ni hatua tulizojifunza.

Kwanza, andika kila kipengele kwa haja ya mtu, si kwa jina la kitu. Sema ni nani, anataka nini, na kwa sababu gani. Badala ya kuandika "ukurasa wa orodha", sisi tuliandika: "Mimi mtunza maktaba nataka kuona nani ana kitabu fulani, ili nikidai kabla ya mtihani." Chini yake andika dalili za kukamilika: nikiandika jina la kitabu, nione jina la msomaji, darasa lake, na siku aliyokichukua. Kipengele kikiwa kikubwa, kigawe. Katika Azure Boards jambo kubwa kabisa huitwa epiki. Chini yake huwekwa vipengele, kisha hadithi za watumiaji, na mwisho kazi ndogo ndogo.

Pili, gawa kadi katika mafungu manne. Njia hii ilibuniwa na Dai Clegg mwaka 1994. Fungu la kwanza ni ya lazima, ambayo yakikosekana programu haina maana. La pili ni yanayofaa sana, lakini twaweza kuvumilia bila hayo. La tatu ni ya kufanywa nafasi ikipatikana. La nne ni yasiyofanywa safari hii. Fungu la nne ndilo gumu, maana humo huingia vipenzi vya watu. Nembo yangu iliingia humo, nami niliiweka kwa mkono wangu mwenyewe.

Tatu, panga kadi katika mstari mmoja, moja juu ya nyingine, wala mbili zisikae mahali pamoja. Sisi tuliipa kila kadi alama za faida na alama za ukubwa wa kazi, tukagawanya faida kwa ukubwa. "Nani ana kitabu" ilikuwa na faida 9 na ukubwa 3, jibu 3. Kutafuta kwa jina la mtungaji: faida 6, ukubwa 3, jibu 2. Faini: faida 5, ukubwa 5, jibu 1. Picha: faida 2, ukubwa 8, jibu robo. Lakini angalieni, hesabu husaidia mazungumzo tu. Kuandika kitabu kinapotoka maktaba kulipata alama chache, lakini tulikuweka juu kabisa, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua nani anacho. Msingi hauonekani, ila nyumba haisimami pasipo huo.

Nne, awepo mtu mmoja mwenye neno la mwisho juu ya mstari huo. Katika utaratibu uitwao Skramu, mtu huyo huitwa mwenye bidhaa, naye ni mtu mmoja, si kamati. Tulimwomba Sista, maana ndiye anayeitumia programu. Tulipobishana, tulimwendea yeye.

Tano, punguza kazi zinazofanywa kwa wakati mmoja. Fikira hii ilitoka katika kanbani, kadi za viwanda vya Toyota huko Ujapani. Sisi watu sita tuliruhusu kadi tatu tu katika safu ya kati, moja kwa kila kompyuta. Haikuruhusiwa kuanza ya nne mpaka moja imekwisha.

Kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, tulitumia kadi za karatasi ukutani. Katika juma la tatu Sista aliweza kuuliza nani ana kitabu, akajibiwa. Mwisho wa muhula tulikuwa na mambo saba kati ya 18. Hayo saba yanatumika kila siku. Yale ya kwanza hayakutumiwa hata siku moja.

Sasa zoezi kwenu. Zahanati ya shule yataka programu yenye haya: picha za wagonjwa, daftari la dawa zilizobaki, onyo dawa inapokaribia kwisha, na wimbo wa kumkaribisha mgonjwa. Andika kila moja kwa haja ya mtu, kisha zipange. Lipi litangulie, na kwa nini? Na nanyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi hizi, mtuandikie mtusahihishe. Ukurasa wa kwanza bado hauna nembo, wala sioni haya kuwaonyesha.