Upweke Hudhuru Mwili: Wajibu Wetu kwa Aliye Peke Yake

Watu wengi hudhani ya kwamba upweke ni huzuni ya moyo tu, wala haudhuru mwili. Dhana hii si sahihi. Yafaa ieleweke kwamba mtu aliyetengana na wenzake hudhoofika afya kama adhoofikavyo mtu akosaye chakula cha kutosha. Kwa hiyo haitoshi kumwonea huruma; apasa kuhudumiwa.

Kwanza tupambanue mambo matatu. Kukaa faragha kwa hiari, ili mtu amwombe Mungu, asome au apumzike, si ugonjwa. Kutengwa ni kukosa watu wa kuonana nao. Upweke ni uchungu aupatao mtu aonapo kwamba hana wa kumtegemea. Na uchungu huo huweza kumpata hata akaaye katika nyumba yenye wapangaji wengi.

Mwaka 1979 wataalamu wawili, Lisa Berkman na Leonard Syme, walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Alameda, California, Marekani. Watu wazima wapatao 6,900 walifuatiliwa kwa miaka 9. Ikaonekana kwamba wale waliokosa uhusiano na watu walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara mbili kuliko wenye uhusiano mwingi. Tena, mwezi Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba mtu 1 katika kila watu 6 duniani hupatwa na upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusiana nao.

Je, upweke unadhuruje? Njia ni mbili. Ya kwanza imo mwilini: mwenye upweke huishi kama mtu aliye katika hatari daima, usingizi hupungua, shindikizo la damu hupanda, na moyo huchoka. Ya pili ni ya maisha ya kila siku: hapana wa kumkumbusha dawa, wala wa kutambua mapema kwamba leo hakufungua mlango.

Ni nani wa kuangaliwa zaidi? Ni mjane, mzee ambaye watoto wake wamehamia mbali, mgonjwa wa muda mrefu, kijana mgeni mjini, na mtu aliyeachwa na jamaa zake kwa sababu amebadili dini. Huyu wa mwisho hupoteza kwa siku moja ndugu, majirani na waalikaji wa arusi. Basi wale waliomkaribisha katika imani wasidhani kazi yao imekwisha siku ile aliyojiunga.

Dawa ya upweke haihitaji mali nyingi. Mwaka 2006, huko Mbare katika mji wa Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14. Walifundishwa kuketi bennchini na wenye dhiki ya moyo, wawasikilize na kuwasaidia kutafuta ufumbuzi wa shida zao. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Sisi nasi tufanye haya:

1. Tusingoje aliye peke yake atufuate. Mara nyingi huona haya, akidhani atawasumbua watu.

2. Tuweke siku maalumu ya kumzuru. Ziara fupi ya kila juma yafaa kuliko ziara ndefu isiyorudiwa.

3. Tumpe kazi. Mzee aombwe kufundisha watoto, mjane aombwe shauri. Mtu hupona aonapo kwamba anahitajiwa.

4. Mwenye upweke naye aanze kwa jambo dogo: kumsalimu jirani, au kuhudhuria sala ya jamaa, ambapo asiyeonekana huulizwa habari zake.

5. Akiwa hali, halali, au anataja kutamani kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali upesi.

Islamu imeifanya ziara ya mgonjwa kuwa haki ya Mwislamu juu ya nduguye, na jirani amepewa haki yake awe wa dini yoyote. Basi kila msomaji ajiulize: katika mtaa wangu, ni nani ambaye mlango wake haujabishwa juma hili? Akimjua, na aende leo.